Mali Ikisha Kuuzwa, Je, Hairudi Tena?

Katika maduka mengi ya mji wa Garissa, tangu yale ya soko la Suuq Mugdi hata vibanda vya simu vilivyo kando ya barabara, mnunuzi hukuta maneno yaliyoandikwa ukutani au kupigwa chapa chini ya stakabadhi: mali ikisha kuuzwa hairudishwi, wala fedha hazirudishwi. Maneno hayo huonekana Wajir na Mandera pia, na katika miji yote ya Kenya. Watu wengi huyasoma kama wasomavyo amri ya Serikali, na mtu aliyenunua taa isiyowaka hurudi nayo nyumbani kimya, akidhani ya kuwa sheria imemfunga mdomo. Kwa kweli maneno yale si sheria. Ni maneno ya mwenye duka tu, na nguvu yake ni ndogo kuliko ukubwa wa herufi zake. Yako mambo ambayo mwenye duka aweza kuyakataa kwa haki kabisa, na yako mengine asiyoweza kuyakataa hata akiandika ukuta mzima.

Yafaa kuanza na yale awezayo kuyakataa, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mtu amenunua kitambaa cha rangi ya samawati. Alipofika nyumbani watu wakakicheka, naye sasa anataka cha kijani. Au amenunua viatu bila kuvijaribu, na vimembana. Au ameona mali kama hiyo hiyo katika duka la pili kwa bei iliyo nafuu. Katika mambo kama haya kitambaa hakina kosa, viatu havina kosa, wala bei haina kosa. Aliyebadilika ni mnunuzi mwenyewe. Sheria ya Kenya haimlazimishi mwenye duka kuipokea mali nzima kwa sababu mnunuzi amegeuza nia yake. Hata Uingereza, nchi ambayo sheria hii ilitoka, duka halilazimishwi kufanya hivyo, ingawa maduka makubwa ya huko huwakubalia wateja wao kwa hiari ili wasiwapoteze. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mtu anayenunua kwa njia ya mtandao hupewa siku 14 za kufikiri tena, lakini haki hiyo ni ya mali iliyonunuliwa kwa mbali, siyo ya kitu alichokishika mtu mwenyewe dukani.

Wenyeji wa Garissa, ambao walio wengi wao ni Waislamu, wanajua vema ya kuwa kumkubalia mnunuzi aliyejuta ni jambo linalosifiwa katika dini yao. Wafanya biashara wengi hufanya hivyo, wakabadilisha kitambaa kwa kitambaa bila maneno mengi. Lakini hiyo ni ihsani. Anayeiomba na aombe kwa adabu, maana hadai haki yake.

Mambo hubadilika kabisa ikiwa kasoro imo katika mali yenyewe. Sheria ya Kenya ya Kuuza Mali, ambayo ni Sura ya 31 katika vitabu vya sheria, ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba, 1931, nayo ilifuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Mpaka leo ndiyo msingi wa mambo haya. Asili yake ni kwamba mnunuzi na afumbue macho yake. Lakini sheria hiyo hiyo imetia ndani ya kila mauzo masharti fulani ambayo hayahitaji kutajwa na mtu ye yote. Mwuzaji asipoyasema yamo; mnunuzi asipoyajua yamo.

Sharti la kwanza ni kwamba mwuzaji awe na haki ya kuiuza mali ile. Simu ikiuzwa Garissa, kisha mwenyewe hasa akatokea na polisi wakaichukua kwa kuwa iliibwa, aliyeinunua ana haki ya kudai bei yake yote kutoka kwa aliyemwuzia, hata kama mwuzaji naye hakujua kwamba ni ya wizi. Sharti la pili ni kwamba mali ilingane na maelezo yake. Gunia lililoandikwa mchele wa aina fulani lisiwe na mchele wa aina nyingine, na betri iliyosemwa kuwa mpya isiwe imetumika. Sharti la tatu ni la ubora, nalo ndilo lenye ugomvi mwingi, kwa hiyo linahitaji kuelezwa polepole.

Mfano ni huu. Mkulima mmoja ana shamba la ndizi na mapapai kando ya Mto Tana. Anakwenda katika duka la mashine mjini na kumwambia mwenye duka hivi: shamba liko juu ya ukingo wa mto, umbali wake ni hatua kadhaa, na anahitaji pampu itakayoweza kuyapandisha maji mpaka huko. Mwenye duka, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, anamchagulia pampu na kumhakikishia kwamba itafaa. Mkulima analipa shilingi 30,000. Anapoifunga mtoni, pampu inanguruma vizuri lakini maji hayafiki shambani. Au inafanya kazi siku mbili, siku ya tatu inakufa. Ni wakati wa jua kali, na migomba haingojei.

Sheria inasemaje? Kwa kuwa mkulima alieleza kazi anayoitakia pampu, tena akategemea ujuzi wa mwenye duka, basi pampu ile ilipaswa kuifaa kazi ile. Isipofaa, sharti limevunjwa. Na ikiwa imekufa siku ya tatu, limevunjwa sharti jingine pia, yaani kwamba mali inayouzwa na mtu mwenye biashara ya mali ya namna hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Mkulima aweza kuikataa pampu na kudai shilingi zake 30,000. Aweza tena kudai fidia ya hasara iliyotoka moja kwa moja katika kasoro ile, kama migomba iliyokauka, muradi aweze kuithibitisha hasara yenyewe na kuonyesha kwamba alifanya alivyoweza kuipunguza. Asiyefanya lo lote, akakaa akiangalia shamba likifa ili deni la mwenye duka liongezeke, hatasikilizwa vizuri.

Lakini mkulima huyo huyo angaliingia dukani na kusema tu, "Nipe pampu ya kampuni fulani, ile ndogo," bila kueleza kitu zaidi, mambo yangalikuwa mengine. Mtu akiagiza kitu kwa jina lake la biashara, sheria huchukua kwamba amechagua mwenyewe, na mwenye duka haulizwi kama kinaifaa kazi ambayo hakuambiwa. Pampu mbovu ingali mbovu, na aweza kuirudisha. Lakini pampu nzima iliyo ndogo mno kwa shamba lake ni shauri lake mwenyewe. Maneno machache yanayosemwa mbele ya meza ya duka yana thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, na ni heri zaidi yakisemwa mbele ya mtu wa tatu au yakiandikwa katika stakabadhi.

Liko neno jingine. Mnunuzi akiikagua mali kabla ya kuinunua, hawezi baadaye kulalamika juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ulipasa kumwonyesha. Aliyekishika kikombe mkononi, akakigeuza, akakilipia, asirudi kesho kusema kina ufa mdomoni. Kasoro zilizojificha ni habari nyingine: waya uliokatika ndani ya redio hauonekani kwa macho, na sheria haimtaki mnunuzi abomoe redio dukani.

Sasa yaja swali lenyewe: je, maneno yaliyoandikwa ukutani hayawezi kuyaondoa masharti haya? Kwa muda mrefu jibu halikuwa rahisi. Sheria ya 1931 iliruhusu mwuzaji na mnunuzi kupatana kwamba masharti hayo yasiwemo, na wafanya biashara wengi walijificha chini ya ruhusa hiyo. Hata wakati huo maneno ya stakabadhi yalikuwa na udhaifu wake, maana aghalabu stakabadhi hutolewa baada ya fedha kulipwa, na sharti linalofika baada ya mapatano kwisha si sehemu ya mapatano. Lakini mnunuzi masikini hakuwa na mtu wa kumweleza hayo.

Mambo yaligeuka mwaka 2010. Katiba mpya ya Kenya, katika kifungu cha 46, iliwapa wanunuzi haki ya kupata mali na huduma zenye ubora wa kutosha, haki ya kupewa habari zinazohitajiwa ili wanufaike nazo, haki ya kulindwa afya na mali zao, na haki ya kulipwa fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa, Nambari 46 ya mwaka 2012, ambayo ilianza kutumika mwaka 2013. Ndani ya kifungu cha 5 cha sheria hiyo mna maneno ambayo kila mwenye duka angefaa kuyajua: neno lo lote la mapatano, au la kukiri, linalokusudia kuyafuta au kuyabadili masharti yaliyowekwa na Sheria ya Kuuza Mali, ni batili. Halikusemwa kuwa litachunguzwa, wala kuwa litapimwa kama ni la haki. Ni batili tu.

Basi tangazo la ukutani limebaki na maana moja ndogo. Kwa yule aliyegeuza nia, ni kweli: mali haitarudishwa. Kwa yule aliyeuziwa mali mbovu, ni kama halikuandikwa. Na mwenye duka anayemwambia mnunuzi wa namna hii kwamba hana haki yo yote hujitia katika hatari nyingine, kwa kuwa kumdanganya mtu juu ya haki zake kumekatazwa pia na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010.

Udanganyifu una adhabu yake pekee. Simu iliyofunguliwa, ikatengenezwa na kufungwa tena katika sanduku jipya, kisha ikauzwa kama simu mpya, si mali yenye kasoro tu, ni hila. Katika hali hiyo sheria ya 2012 humruhusu mnunuzi kuyavunja mapatano yote na kurudishiwa fedha zake, ikiwa atamjulisha mwuzaji ndani ya mwaka 1 tangu siku waliyopatana. Vyakula vilivyoharibika havihitaji hata ubishi wa duka: kuuza chakula kisichofaa kuliwa ni kosa la jinai, na maziwa ya unga yaliyokwisha muda wake ni kazi ya afisa wa afya wa kaunti.

Katika sehemu za Kaskazini Mashariki kuna aina ya biashara ambayo inastahili kutazamwa peke yake. Siku hizi watu wengi wa Garissa, Dadaab, Wajir na hata Mandera hawaendi Nairobi kununua. Humpigia simu mfanya biashara wa Eastleigh, mtaa ambao soko lake maarufu la Garissa Lodge lilianza mapema katika miaka ya 1990 katika nyumba ya wageni iliyogeuzwa kuwa maduka. Mwuzaji hupeleka picha kwa simu, mnunuzi hulipa kwa M-Pesa, na mzigo hupakiwa katika basi. Garissa yenyewe iko mbali na Nairobi kwa kilomita zaidi ya 350, na Mandera ni mbali maradufu na zaidi. Mzigo ukifunguliwa, huenda vitenge vikawa si vya picha ile, au jokofu likawa limebonyea. Akipigiwa simu, mwuzaji hujibu kwamba fedha zimekwisha kupokewa na mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Mauzo ya picha na maneno ni mauzo ya maelezo, na mali isiyolingana na maelezo yake yaweza kukataliwa. Tena sheria inasema ya kuwa mtu aliyeletewa mali asiyoiona kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Kumtia mtu sahihi ya kupokea mzigo katika ofisi ya basi si kumfanya akubali kilichomo ndani ya mzigo. Na jambo ambalo wachache wanalijua ni hili: mnunuzi aliyeikataa mali kwa haki halazimiki kuirudisha mwenyewe mpaka Nairobi, isipokuwa kama walipatana hivyo. Yatosha amjulishe mwuzaji kwamba ameikataa, kisha aitunze vema bila kuitumia. Gharama ya njia si mzigo wake.

Hapa neno "bila kuitumia" lina uzito. Haki ya kukataa mali si ya milele. Anayemwambia mwuzaji kwamba ameridhika, au anayeitumia mali kama yake baada ya kuijua kasoro, au anayekaa nayo muda mrefu kuliko ipasavyo pasipo kusema neno, sheria humhesabu kuwa ameikubali. Kitambaa kikisha kukatwa na kushonwa hakirudi. Muda huo haukuhesabiwa kwa siku katika sheria ya Kenya. Uingereza iliweka siku 30 kwa sheria yake ya mwaka 2015, lakini Kenya imeacha jambo hili liamuliwe kwa hali ya mali na ya mahali. Muda wa jokofu si muda wa ndizi, na mtu akaaye Nairobi hapimwi sawa na mtu aliyepelekewa mzigo Mandera. Hata hivyo aliyechelewa hakosi vyote. Hawezi tena kuirudisha mali, lakini aweza kudai fidia, ambayo kwa kawaida ni tofauti baina ya thamani ya mali ile ilivyo na thamani ambayo ingalikuwa nayo kama ingalikuwa nzima.

Wafugaji nao huuliza kama mambo haya yanahusu wanyama. Yanawahusu, kwa kuwa mbele ya sheria ng'ombe, ngamia na mbuzi ni mali kama mali nyingine. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na mila zake zimekuwako kabla ya karatasi za mahakama. Katika soko la namna hiyo dalali si mtu wa kupiga bei tu. Anamjua mwuzaji na jamaa zake, na kwa kusimama kwake anadhamini ya kwamba mnyama si wa wizi. Hilo ndilo sharti la kwanza la sheria ya 1931, ila limevaa kanzu nyingine.

Vivyo hivyo sharia ya Kiislamu. Ukiwekwa kando upande wa ibada, hukumu zake za biashara zimemlinda mnunuzi tangu zamani sana. Aliyekuta aibu ya zamani katika kitu alichonunua ana hiari ya kukirudisha au kukaa nacho. Mwuzaji anayeijua aibu hana ruhusa ya kuificha. Hata ile hila ya kumwacha mnyama siku mbili tatu bila kukamuliwa, ili kiwele chake kijae na kumdanganya mnunuzi, ilikatazwa kwa jina lake: aliyedanganywa hupewa siku tatu, na akimrudisha mnyama humpa mwuzaji pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Mfugaji wa Garissa anayesikia habari za sheria ya 1931 au ya 2012 hasikii jambo geni.

Tofauti moja yafaa ishikwe. Sharti la ubora humfunga mtu mwenye biashara ya mali ile. Anayemwuzia jirani yake mbuzi mmoja ili alipe karo ya shule si mfanya biashara ya mbuzi, na aliyemnunua hana budi kutegemea macho yake pamoja na yale aliyoambiwa. Jirani akisema kwamba mbuzi ana mimba, na kumbe hana, maneno yake yatamfunga; asiposema neno, hakuahidi kitu.

Mwenye haki ya kurudishiwa fedha hurudishiwa fedha. Maduka mengine hutoa karatasi ya kuchukulia mali nyingine siku nyingine, na mnunuzi aweza kuipokea akipenda, lakini halazimishwi. Kadhalika hati ya dhamana ya kiwanda, inayosema kwamba kitu kitatengenezwa bure katika mwaka wa kwanza, ni nyongeza juu ya haki za sheria wala haizipunguzi. Mwenye duka asimtume mnunuzi kwa mwenye kiwanda kana kwamba yeye hahusiki. Aliyepokea fedha ndiye aliyeuza, na shauri lake na kiwanda ni lake.

Ikiwa mwenye duka amekataa kabisa, hatua ya kwanza ni kumwandikia, hata kwa ujumbe wa simu, kueleza kasoro, siku ya kununua na kile kinachodaiwa. Stakabadhi husaidia sana, lakini kuikosa si mwisho wa madai; ujumbe wa M-Pesa huonyesha siku, kiasi na jina la aliyelipwa, na shahidi aliyekuwapo aweza kusema. Wazee wa soko na viongozi wa dini mara nyingi huyamaliza mambo haya mchana mmoja, na Katiba yenyewe katika kifungu cha 159 inahimiza mapatano ya namna hiyo. Kadhi pia aweza kuwasuluhisha wawili waliokubali kwenda kwake. Lakini mahakama yake imepewa na Katiba mambo ya Waislamu ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, si kesi za pampu na majokofu. Malalamiko juu ya udanganyifu hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na ya mali isiyofikia kiwango kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa.

Kwa fedha zenyewe, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 iliweka mahakama ya kusikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, pamoja na yale ya kuuza na kununua mali. Mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili, 2021. Mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, kanuni ngumu za ushahidi hazimfungi, na kesi yapasa kuamuliwa katika siku 60. Mahali ambapo mahakama hiyo haijafika, madai hupelekwa kwa hakimu wa kawaida. Anayekwenda huko na achukue mali mbovu yenyewe ikiwa inabebeka, na kama ni pampu ya maji, aiache ilivyo. Fundi wa mtaani akisha kuifungua, mwenye duka atasema ya kuwa ni yeye aliyeiharibu, na itakuwa kazi kubwa kuonyesha vingine.